Kungoja Baada ya Mionzi

Mama mkwe wangu alianza kwa kuacha kula mbele ya watu. Alikuwa mwanamke wa kula na wenzake, sufuria katikati, akiongea huku anatafuna, na mtu akichelewa kunawa alimwambia wazi kwamba atakuta mboga imekwisha. Mara akawa anapakua chakula chake kwenye bakuli na kwenda nacho nyuma ya nyumba, upande wa zizi la kondoo. Wanawe waliona ni mambo ya uzee tu. Mimi nilikuwa nafika pale Jumamosi, nikitokea nyumba za walimu, na labda kwa sababu sikumwona kila siku ndiyo maana nililiona. Jumamosi moja nilimfuata. Nilimkuta ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta, anatema kande kwenye majani. Mahindi na maharage vilikuwa vimetafunwa hadi kuwa uji, na bado havikupita.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa kuwa sikuwa nimemwamkia na sikujua nianze na lipi.

"Marahaba. Rudi ndani, mwalimu."

Aliniita mwalimu tangu mwanawe aliponileta nyumbani kwao Maretadu. Haikuwa dharau, haikuwa upendo pia. Mimi ni mtu wa Kagera. Serikali ilinipanga kufundisha Baiolojia katika sekondari ya huku, nikakutana na mume wangu, ambaye ni fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, wilaya ya Hanang, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki kama kazi ikimruhusu. Mama alikuwa amemtakia mke wa hapahapa, anayejua kukamua na anayesikia lugha ya nyumbani bila kutafsiriwa. Nilipompikia ndizi mara ya kwanza alionja kijiko kimoja akasema hicho ni chakula cha mtu aliyelazwa. Tukaishi hivyo, kwa adabu, miaka mingi.

Ilichukua muda kumshawishi aende hospitali. Alipokubali, alikuwa amebaki na uji na maziwa, na gauni la kanisani lilikuwa linamwelea mwilini. Walimpitisha mpira wenye kamera kooni, wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi yalisema saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Daktari alisema upasuaji haufai kwake. Uvimbe ulikuwa mrefu na umekaa karibu mno na bomba la hewa. Kilichobaki ni mionzi, na mionzi haikuwa karibu. Ilikuwa safari ya mbali, kwenye hospitali kubwa ya mjini.

Kikao kilifanyika sebuleni. Alikuwepo mume wangu, alikuwepo mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani na mke wake wakilima mahindi na maharage na kumtunza mama. Waliongea sana juu ya nani aende. Shemeji alitaka kwenda yeye. Mama aliwasikiliza mpaka wakachoka.

"Mwalimu ataenda," alisema. "Anajua kuongea na hao watu."

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Tukaenda, mimi na yeye, na mkoba mmoja kila mtu.

Pale hospitali walimchora kifuani na mbavuni alama za wino, ili mtambo uelekezwe mahali palepale kila siku, na wakamwonya asizisugue anapooga. Alizitazama alipokuwa anavaa.

"Mnadani kondoo akishanunuliwa wanampaka rangi mgongoni," aliniambia. "Basi mimi nimeshanunuliwa."

Sikujua kama nicheke. Hakuwa anacheka yeye.

Kila asubuhi tulikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, wengi wao wamejifunga kanga shingoni. Jina lake likiitwa nilimshika mkono mpaka kwenye mlango mzito ambao sikuruhusiwa kuupita. Mlango ulifungwa, taa nyekundu ikawaka juu yake, na baada ya muda mfupi tu ukafunguliwa. Alitoka akijifunga vizuri kitenge chake. Siku za kwanza nilimuuliza amesikia nini.

"Hakuna. Nimelala, mashine imelia, nimeamka."

Hakuna moto, hakuna sindano, hakuna dawa ya kumeza. Wiki ya pili aliamua kwamba tumedanganywa. Chakula kilikuwa bado hakipiti, na maumivu yalikuwa yameanza kuongezeka badala ya kupungua. "Kitu kinachoua lazima kigonge," alisema. "Hiki hakijanigonga. Kamuulize yule daktari wako anafanya nini na mimi."

Nilienda. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, na alikuwa na foleni ndefu mlangoni, lakini nilipomwambia nafundisha Baiolojia alivuta karatasi.

"Basi hili unalijua nusu," alisema. Akachora seli, na ndani yake kromosomu zimejipanga katikati, kama nilivyozichora ubaoni miaka yote. "Mionzi inakata DNA. Ikikata upande mmoja wa uzi, seli inaushona kirahisi. Ikikata pande zote mbili mahali pamoja, kazi inakuwa ngumu. Seli nzima ya mwili ina ukaguzi wake. Kabla ya kujigawa inasimama, inajitazama, inashona, ndipo inaendelea. Seli nyingi za saratani zimepoteza ukaguzi huo. Hazisimami. Zinaingia kwenye kujigawa na vipande vimekatika."

"Halafu?"

"Halafu wakati wa kuvuta kromosomu kila upande, vipande vingine vinaachwa nyuma, vingine vinaungana na visivyo vyake na kuvutwa huku na huku. Seli moja inapata pungufu, nyingine inapata ziada. Au zinashindwa kuachana kabisa, inabaki seli moja kubwa yenye viini viwili. Nyingine inafaulu kujigawa mara moja au mbili, ndipo uzao wake unakatika. Kwa hiyo uvimbe haufi siku tunayoupiga. Unakufa siku unapojaribu kukua."

Nilitoka pale na ile karatasi. Kwa miaka nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kutumia kalamu ya bluu na nyekundu, kila kromosomu ipate mwenzake, kila upande utoke sawa. Sikuwahi kuwaambia kwamba hapo katikati, wakati kila kitu kinavutwa, kuna mahali pa kufia.

Nilimkuta mama nje ya nyumba tuliyopewa wasindikizaji kulala, kwenye kibaraza cha saruji ambapo wanawake hufua. Nikakaa chini yake kidogo, maana sikuzoea kumfundisha mama mkwe wangu kitu chochote.

"Mama, mwili wote umejengwa kwa vitu vidogo vinaitwa seli. Huwezi kuviona kwa macho."

"Wadudu."

"Siyo wadudu. Ni wewe mwenyewe. Ngozi ni seli, nyama ni seli, damu nayo."

"Na huu uvimbe?"

"Nao ni seli."

"Za nani?"

"Zako."

Akageuza kichwa akanitazama. Nyumbani walikuwa wamemwambia kuna kitu kimemwingia, wengine walisema kimetumwa, na hata mimi nilikuwa nimemwachia aamini kwamba ni kitu kilichotoka nje, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi.

"Zangu," alisema. "Nimezifuga mwenyewe."

"Hukuzifuga, mama. Ziliharibika, zikaanza kuongezeka bila mpango. Sasa mionzi inakata uzi ulio ndani yake. Haiziui palepale. Zile nzima zikikatwa zinasimama na kujishona. Hizi za uvimbe zimesahau kusimama. Zinaendelea tu, zinataka kutoa mbili, na uzi umekatika. Zinashindwa. Zinafia hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye kujigawa. Kwenye..." Nikatafuta neno. Darasani nafundisha kwa Kiingereza, Kiswahili cha mambo haya mtu anakitunga mwenyewe, na najua kwamba kila nilichosema Kiswahili yeye alikuwa anakipeleka tena katika lugha yake kimyakimya kabla ya kukielewa. "Kwenye kuzaa, mama."

Nilipolisema tu, nilijua.

Mtoto wake wa kwanza, wifi yangu, alikuwa ameolewa Yaeda Chini, kwa watu wa mifugo, bondeni kabisa. Uchungu ulimshika masika, njia ikiwa tope tupu. Walimpakia kwenye trela la trekta wampandishe juu hospitali. Trela likazama. Mama alikuwa ndani ya trela lile, ameshuka siku chache kabla kumsaidia bintiye, na alikuwa amekishika kichwa cha binti mapajani wakati wanaume wanakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Mtoto hakutoka. Wifi naye hakufika juu. Walizikwa pamoja kulekule bondeni, kwa mumewe, na mama alirudi Maretadu na hakushuka tena Yaeda. Nilikuwa mke mpya katika ukoo, nilimwona siku aliporudi. Hakulia mbele yetu. Alifua shuka lililokuwa na damu, akalianika, akalikunja.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha watu, mikono mapajani, anatazama nguo za wengine kwenye kamba.

"Kwa hiyo zinakufa kama dada yenu," alisema.

Ningeweza kukataa. Lakini alikuwa ameelewa sawasawa, kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Karibu hivyo, mama."

"Inachukua muda."

"Daktari anasema wiki kadhaa. Hata tukisharudi nyumbani, bado zitakuwa zinakufa."

"Najua inachukua muda," alisema. "Sikuuliza."

Hakuizungumzia tena mashine. Aliingia, akalala, akatoka, mpaka siku ya mwisho.

Tukarudi Maretadu akiwa na hali mbaya kuliko alivyoondoka. Daktari alikuwa ametuonya, lakini onyo ni kitu kimoja na kumwona mtu ni kingine. Alikuwa hamezi hata mate. Alitembea na kikopo cha kutemea, na kila alipojaribu kijiko cha maji alifumba macho na kushika kifua. Ngozi ya mgongoni, pale mionzi ilipotokeza upande wa pili, ilikuwa imeiva na kuwa nyeusi. Mke wa shemeji aliyetupokea alimkumbatia, kisha akaingia jikoni na sikumwona kwa muda.

Shemeji alingoja mpaka kaka yake alipokuja kutoka Basotu. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu hayakuwa ya uongo.

"Ameondoka hapa anameza uji," alisema. "Amerudi hamezi mate. Nyie mnaita hiyo ni dawa?"

Nilimweleza. Nilisema ndani ya umio kuna utando ambao mwili unaubadilisha kila siku, kama ngozi ya mdomoni, na kwa kuwa nao unajigawa haraka, ndio unaoumia mapema. Nilisema utando huo utapona kwa sababu seli zake zinajua kusimama na kujishona, na wakati huo zile za uvimbe zitakuwa zinaendelea kufa. Nilisikia sauti yangu inakuwa ya darasani, na nikaona uso wake ukikunjamana.

"Shemeji, mimi sijasoma hayo," alisema. "Mimi ndiye namwinua asubuhi. Kuna mzee upande wa Hanang, chini ya mlima, anachemsha mizizi. Watu wamefunguka koo kwake, na ninawajua. Kesho nampeleka."

Niliwaza maji ya mizizi, machungu, yakipita kwenye kidonda kile. Nikasema hapana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusema hapana katika nyumba ile. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, grisi bado iko kwenye kucha zake, anatutazama mmoja mmoja.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Sina hakika kwamba zitakufa zote," nilimjibu. "Nina hakika kwamba bado zinakufa."

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mama ikiwa kavu, ya mtu anayelipa kwa kila neno. Alimwita mwanawe mdogo. Tuliingia wote. Alikuwa ameketi kitandani, kikopo mkononi.

"Huyo mzee wa mlimani anahama?" alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi mwezi ujao utamkuta. Mimi nangoja." Akatema, akafuta mdomo kwa upindo wa shuka. "Na wewe acha kumpigia kelele mwalimu. Aliyeniambia ukweli ni yeye."

Tukangoja. Sijui neno jingine la kueleza wiki zile. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu ulikaa shambani mpaka karibu saa nne, na mama alikaa jikoni karibu na mafiga akiwa na blanketi. Mke wa shemeji alimpa maziwa yaliyopoa kwa kijiko cha chai, na kabla ya maziwa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, ambayo hospitali ilitupa. Watu wa jumuiya walikuja kusali. Walipomaliza walimtazama shingo, kana kwamba kitu kingeonekana, na wakiwa njiani kwenda kwao walisema hatamaliza mwezi. Niliwasikia. Shule ilikuwa imefunguliwa. Kipindi cha mgawanyiko wa seli kilipofika nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, nikamshikia lake la Kemia.

Siku moja sokoni Dongobesh niliona ndizi mbichi. Nilizinunua bila kufikiri sana, nikazipika mpaka zikapondeka kabisa, nikachanganya na maziwa na chumvi kidogo, nikaziacha zipoe. Mama alikitazama kijiko kwa muda. Alikiweka mdomoni. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Tulingoja kuona kama kitarudi.

"Bado ni chakula cha wagonjwa," alisema. Akafungua mdomo kwa kingine.

Baada ya hapo mambo yalienda kidogo kidogo. Uji mzito. Viazi vilivyopondwa. Ugali laini kwenye maziwa ya mgando. Kikopo cha kutemea kilibaki chini ya kitanda. Ilipofika wakati wa kupukuchua mahindi alikuwa amekaa na wenzake kwenye turubai, magunzi yanaruka, anamwambia mke wa shemeji kwamba mikono yake ni mizito. Shemeji hakusema lolote kwangu, lakini Jumamosi moja nilipoondoka nilikuta amenifungia kuku miguu na kumweka kwenye kikapu changu.

Ndipo mama alisema anataka kushuka Yaeda Chini.

Mume wangu aliazima gari la rafiki yake. Tulishuka kiangazi, vumbi jekundu na mawe, mama mbele kando ya mume wangu, mimi nyuma. Tulipopita mahali fulani ambapo njia inainama kuelekea kijito kikavu mama aligeuza uso kutazama upande wa pili, na mume wangu akaongeza mwendo.

Mkwewe, yule aliyekuwa mume wa wifi, alitupokea vizuri. Alikuwa ameoa tena, na mke mpya alitoka nje akajifuta mikono na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, mama." Alikuwa na mimba kubwa. Nilimwona mama akiitazama ile mimba kabla hajaitika.

Walitupeleka kaburini. Ni rundo la mawe, na mtu alikuwa amezungushia matawi ya miiba mifugo isikanyage. Mama alisimama pale kwa muda usio mrefu. Aliokota jiwe lililokuwa limeporomoka akalirudisha mahali pake. Kisha akasema ana njaa.

Walichinja mbuzi. Kila mtu pale alikuwa amesikia kwamba koo lake limefunga, na alipowekewa sahani mkwewe alisema kwa upole, "Tulisikia huwezi kula, mama."

"Naweza."

Alikula ugali na nyama mbele yao wote, nyama yenyewe, siyo mchuzi, akitafuna taratibu na kumeza, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikaisha. Yule mke mpya alibaki amesimama na jagi la maji ya kunawa, hajui kama aje au angoje. Mama alipomaliza alinawa, akamshika mkono.

"Usingojee mvua," alimwambia. "Panda juu mapema. Njoo kwangu, ukae, uzalie hospitali."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Umenisikia? Mvua ikianza hajapanda, nitakuja kumchukua mwenyewe."

Alipanda. Mkwewe alimleta Maretadu kabla ya mvua, na alikaa pale nyumbani, katika chumba cha mbele, mpaka alipopelekwa Mbulu mjini na kujifungua salama mtoto wa kike. Mama hakumtendea kama binti. Alimwamrisha, alimsahihisha namna ya kukoroga uji, alimkataza kubeba maji. Lakini ni katika wiki hizo, huku yule mwanamke akisubiri siku yake, ndipo mama alianza kukohoa akinywa maji.

Tuliona wote. Kwanza ilikuwa maji, kisha chai, kisha nyama ikarudi, kisha ugali. Mtoto alipoletwa kutoka hospitali mama alimpakata kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kile kikopo.

Tulirudi hospitali ya mionzi, mimi na yeye tena. Ni daktari yuleyule. Walipitisha kamera. Safari hii hakunipeleka pembeni. Mama alikuwa amemwambia aseme pale pale, mbele yake.

"Uvimbe umerudi, mama," daktari alisema. "Na hatuwezi kupiga mionzi tena mahali pale kama mwanzo. Nyama nzima inayozunguka imeshapokea kiasi inachoweza kuvumilia. Tukirudia, tutatoboa tundu kati ya njia ya chakula na ya hewa."

"Si mlisema zinakufa?"

"Nyingi zilikufa, mama. Ndiyo maana ulikula. Lakini katikati ya uvimbe kuna seli ambazo damu haizifikii vizuri, zina hewa kidogo, na mionzi haizikati sana kama zile nyingine. Na kuna zilizokatwa zikafaulu kujishona. Hizo zikabaki."

"Zilibaki ngapi?"

"Mwanzoni chache sana."

"Na sasa?"

Daktari hakukwepesha macho. "Sasa nyingi."

"Hizo zinazaa salama," mama alisema.

Daktari alinitazama, akidhani hajasikia vizuri. Sikumfafanulia.

Walimpa chaguo la mpira wa kulishia, upitishwe tumboni moja kwa moja. Aliuliza kama ataonja chakula. Walimwambia hapana. Akasema basi arudi nyumbani. Ndani ya basi alilala karibu njia nzima, kichwa kimeegemea bega langu, na kilikuwa chepesi mno, nikawa natazama dirishani ili nisikifikirie.

Shemeji alimpeleka kwa yule mzee wa mlimani. Sikusema hapana. Walirudi na chupa, na mama alionja mara moja akaisogeza kando. Shemeji aliimwaga mwenyewe kwenye migomba ya uani.

Miezi ya mwisho ilikuwa ya maumivu, na sitaki kuyapamba. Zilikuwepo siku ambazo dawa ilitosha na siku ambazo haikutosha. Alisinyaa mpaka mifupa ya usoni ikawa ya mtu nisiyemjua. Padri alikuja akampaka mafuta. Mume wangu aliomba ruhusa ya kutoka Basotu, akawa analala sakafuni chumbani kwa mama. Wakati mwingine mama aliniita nikae naye. Aliuliza kama wanafunzi wamefaulu, nikasema wengine wamefaulu. Mara moja tu aliuliza jambo la ugonjwa. Alitaka kujua kama wajukuu wake wanaweza kuwa na seli kama hizo. Nilimwambia saratani haiambukizi, na kwamba sijui zaidi ya hapo. Alikubali kwa kichwa.

Alifariki asubuhi, baada ya ng'ombe kukamuliwa. Mke wa shemeji alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba. Nilikuwa darasani, kijana wa bodaboda alisimama mlangoni akiwa amevua kofia yake, na wanafunzi wakanyamaza kabla yangu.

Watu wa Yaeda walipanda kuja kuzika, mtoto yule akiwa mgongoni kwa mama yake. Shemeji alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, hakukubali kupumzishwa. Jioni, watu wakiwa wameanza kutawanyika, alinikuta nasugua masufuria makubwa ya msiba karibu na pipa la maji. Alikuwa bado na udongo mpaka viwikoni.

"Shemeji," alisema. "Zile seli. Zimekufa naye?"

"Ndiyo."

"Zote? Hata zile zilizojishona?"

"Zote. Haziwezi kuishi bila yeye."

Alitazama udongo kwenye mikono yake.

"Basi hazikupata kitu," alisema.

Nilimmiminia maji akanawa. Kisha akaenda kufungua lango la zizi, maana kondoo walikuwa wamerudi na hakukuwa na mtu wa kuwaingiza.